Tuta Moja Njia ya Kasesya

Siku yangu ya kwanza kazini, fundi mkuu wa gereji pale Majengo alinikabidhi hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini mpaka iwake. "Lori hili limeona mengi kuliko wewe," aliniambia. "Usilifokee." Nyinyi vijana mnaowasha gari kwa kidole hamwezi kujua asubuhi za Sumbawanga zilivyokuwa, ukungu umelala barabarani na injini imeganda kama uji wa jana. Nilizungusha mpaka nikavua koti.

Nilikuwa nimetoka Burundi, sina ndugu hata mmoja huku. Nilipanga chumba Mazwi, na nguo zangu zilikaa sandukuni muda wote, nikizichomoa na kuzirudisha. Watu walikuwa wema, lakini kukaribishwa ni kitu kimoja na kuwa mwenyeji ni kingine. Nilikitaka hicho cha pili mpaka kikanichosha. Mwenzangu mmoja aliyehamia Zambia aliponiitia kazi ya udereva huko, nikakubali moyoni.

Tajiri wangu, mzee wa Kiislamu mwenye duka na malori mawili, aliijua nia yangu kabla sijafungua mdomo. Utingo wangu aliugua, ikanibidi nipeleke chumvi Kasesya peke yangu.

"Ukifika mpakani ukaamua kuvuka, mwachie wakala wangu funguo," alisema. "Sitakulaumu. Ila ukirudi, rudi mzima, usirudi nusu."

Mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni. Ufipa hakuna miti ya kukuzuia macho. Ni nyasi na mawingu, nyasi na mawingu, mpaka hujui kama lori ndilo linalokwenda au nchi ndiyo inayopita. Nilikuwa nikiimba polepole kwa Kirundi. Mara nikaona mteremko mzima umejaa vichuguu vya udongo, safu kwa safu. Nikajua ni makaburi. Nikavua kofia, nikapunguza mwendo, nikawaombea wale watu wote, nikijiuliza ni balaa gani lililowapata.

Mbele kidogo rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, ikachemka. Nikasimama. Mama mmoja mtu mzima alikuwa analima kando ya barabara.

"Shikamoo mama. Poleni na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Msiba gani?"

Nikamwonyesha vile vichuguu kwa kofia yangu. Alicheka mpaka akauegemea mpini.

"Haya ni matuta, baba. Tunafukia nyasi zioze. Mvua zijazo tunayafungua, tunatawanya udongo, tunapanda ulezi. Kwenu mnalima vipi?"

Nikamweleza. Wengine waliniuliza kwetu ni wapi, wakaishia hapo. Yeye alitaka kujua tunavyolima.

Injini ilipokuwa inapoa, Mama Felista, ndivyo alivyojitaja, akaniazima jembe. Nilikusanya nyasi, nikazifunika kwa udongo, tuta likainama upande mmoja.

"Limepinda, lakini ni lako," alisema. "Uje ulifungue."

Kasesya nilishusha chumvi, nikatazama ng'ambo kwa muda mrefu. Nyasi zilikuwa zilezile. Niliogopa kwamba hata huko nitakuwa mgeni, na niliogopa zaidi kwamba yule mama alisema tu, kama watu wanavyosema. Nikamuaga wakala, nikatia funguo mfukoni, nikageuza lori.

"Umerudi mzima?" tajiri aliniuliza.

"Bado sijajua, mzee."

Sasa nimestaafu. Fundi mkuu na tajiri wametangulia mbele ya haki, na wajukuu zangu wananitania kwa Kifipa, wakidhani sisikii. Wakiniuliza nilihamia lini hapa, siwatajii siku niliyovuka mpaka kutoka Burundi. Nawaambia habari za mvua za kwanza za mwaka ule, nilipopata tena mzigo wa njia ya Kasesya.

Shamba la Mama Felista lilikuwa limeshafunguliwa lote, limesawazishwa, limepandwa. Katikati lilibaki tuta moja, limeinama upande. Nilizima injini, nikaegemea usukani, machozi yakinitoka. Mama akaja na jembe, akanikabidhi.

"Umechelewa, mwanangu," alisema. "Mvua haisubiri mtu."