Kabla ya Kuita Redio, Nenda Ukahani

Nakumbuka, mwanangu, siku tuliyowaita watu wa redio Buzebazeba. Hata leo nikiikumbuka nacheka peke yangu, kisha naona haya. Nasikia na wewe na wenzako mmeunda kikundi cha kupinga adhabu ya kifo, na mnanung'unika kwamba watangazaji wa hapa Kigoma hawawasikilizi. Haya, kaa. Chai hiyo hapo, na usinikatize.

Wakati ule mimi ni binti wa Mwandiga, mtoto wa wakulima, na mdomo ninao. Mtaa wa Buzebazeba kulikuwa na kijana anaitwa Yasini. Waligombania nyavu kule ufukweni Kibirizi, yeye na jirani yake Omari, Yasini akachomoa kisu, Omari akafa. Mahakama ikamhukumu Yasini kunyongwa. Akakata rufaa, ikatupwa. Kilichobaki ni kuomba huruma ya Rais, basi. Mama yake hakuwa na mtoto mwingine, na alikonda mpaka kanga zikawa zinamvuka mabegani.

Sisi nasi tulikuwa na kikundi kama chenu, tukasema mkoa mzima lazima upaze sauti. Tukamwalika mtangazaji mmoja, Benja, aje kwenye semina yetu ukumbini. Hakuja. Tukamwalika tena, akasema semina si habari. Kha! Nikakasirika. Nikawaambia wenzangu, kama anataka habari, tutampa habari. Tukakodi pikapu, tukafunga spika juu, tukavaa fulana zenye maandishi mekundu, tukaingia mtaani tukipiga kelele, "Yasini asinyongwe! Yasini ana haki ya kuishi!" Safari hii Benja alikuja mbio na kinasa sauti chake.

Sasa, mwanangu, njia ya kwenda kwa Mama Yasini inapita mlangoni kwa Bi Mwanaidi, mama yake marehemu. Na sisi tulipita na spika yetu vilevile, bila hata kupunguza sauti. Bi Mwanaidi akatoka. Hakufoka. Akasimama mbele ya gari akaniuliza mimi niliyeshika maiki, "Omari wangu alipokufa, gari lenu lilikuwa wapi?"

Nikashusha maiki, mimi mwenye mdomo! Wadogo zake Omari wakarukia pikapu wakakata waya za spika, majirani wakatuzomea, na Mama Yasini kule kwake akajifungia ndani. Benja yeye anachekelea tu. "Hii ndiyo habari sasa! Jioni nairusha."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi kidogo. Nilijiambia, angalau tutasikika.

Hapo akaja Mzee Hilali. Huyu ndiye aliyemwosha Omari siku ya mazishi, na huyuhuyu ndiye aliyekuwa akimsindikiza Mama Yasini stesheni kila alipopanda treni kwenda kumwona mwanawe gerezani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, kisha akaniuliza swali moja.

"Binti, umeshahani kwa Bi Mwanaidi?"

Nikamjibu kwamba msiba ule ni wa miaka, matanga yalishaanuliwa zamani.

"Sikukuuliza matanga. Mtu akirudi kutoka safari ya miaka kumi, anaanzia wapi? Si anakwenda kuhani kwanza, ndipo aseme lake jingine? Nyinyi mmeingia kwenye msiba wa watu na spika. Mwenye kovu usidhani kapoa."

Kisha akamgeukia Benja. "Na wewe, mwanangu. Ukirusha ugomvi huu jioni, kesho mkoa mzima utasema Yasini na anyongwe hata leo. Mama yake utamwambia nini? Ningojee mpaka Ijumaa."

Benja akanuna, akasema wakubwa wake kazini wanataka habari leo. Lakini alikuwa mtoto wa Ujiji, amelelewa, na mzee ni mzee. Akakubali nusunusu. Mimi nilikwenda nyumbani. Maisha ya mtu yalikuwa yananing'inia, nami ndiye niliyekuwa nimeitikisa kamba.

Asubuhi tukavua fulana zetu, tukajifunga kanga, tukapitia uani kama wanawake wapitavyo msibani. Tukakaa mkekani. Nikasema pole, basi. Mzee alitukataza kumtaja Yasini, alitukataza kuomba chochote. Bi Mwanaidi alituangalia mmoja mmoja. Mwisho akauliza, "Mmekula?" Akatuletea ugali wa muhogo na dagaa, tukala, tukanawa, tukaaga. Njiani mwenzangu mmoja akalalamika kwamba tumepoteza siku. Nikamwambia anyamaze.

Tukarudi siku ya pili kumsaidia kuanika dagaa. Akaanza mwenyewe, wala hakuniangalia. "Yule kijana wa redio alikuwa anataka nini?"

Nikamweleza ukweli, kwamba sisi ndio tuliomwita, kwamba tunataka watu wakatae kunyonga. Nikamwambia kama hapendi, tutaacha. Na wallahi nilikuwa tayari kuacha.

Akageuza dagaa, akageuza tena. "Tangu mahakamani hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini. Mwambie aje."

Benja akaja, mpole safari hii, akakaa chini mchangani. Bi Mwanaidi akasema maneno machache tu. "Sijamsamehe Yasini. Msije mkasema nimesamehe. Lakini mwanangu hatarudi kwa kamba. Uchungu huu naujua, sitaki mama mwingine aletewe." Benja alimaliza kurekodi akabaki amekaa, hajui hata kuzima mashine.

Ilirushwa siku za mbalamwezi, ambapo dagaa hawavuliwi kwa taa, wavuvi wote wako nchi kavu. Kibirizi yote ilisikia. Watu wakapiga simu redioni, wengine kwa Kiha, wengine wakibisha, wengine wakilia. Magazeti nayo yakatafuta habari. Wadogo zake Omari hawakupenda, lakini hawakumpinga mama yao. Barua za kuomba huruma zikaandikwa, na safari hii hata majirani waliotuzomea wakatia sahihi.

Sisemi ni redio iliyomwokoa Yasini. Wakubwa wana mambo yao. Ila baada ya muda mrefu ikaja taarifa kwamba adhabu yake imebadilishwa, kifungo cha maisha. Jamani! Nilikaa kizingitini nikalia kwa raha, mzigo ule umenitoka kifuani. Wanawake wakaanza vigelegele kwa Mama Yasini. Yeye akawanyamazisha. "Hapana, jirani ana msiba." Akatoka, akaenda mpaka kwa Bi Mwanaidi. Tangu Omari afe hakuwahi kuthubutu kukanyaga pale. Akasimama uani, hawezi kuingia wala kurudi.

Bi Mwanaidi akasogea akamwachia nafasi mkekani. "Huwa unalala?"

"Tangu siku ile, hapana."

"Lala leo," akamwambia. "Na mimi nitalala."

Basi sikiliza, mwanangu. Unapotaka redio, usianzie redioni. Anzia kwa aliyefiwa. Nenda mikono mitupu, hani, kula akikupa, ondoka bila kuomba. Akikataa kusema, mheshimu, na usitafute mwingine wa kusema badala yake. Mtangazaji usimlaumu, anachukua unachompa, na ukimpa ugomvi atarusha ugomvi. Wala usimfundishe mfiwa la kusema. Bi Mwanaidi angesema amesamehe, kama tulivyotamani sisi, watu wa Buzebazeba wangejua ni uongo, na Yasini tungempoteza.

Nenda sasa, jua bado lipo. Mungu akupe ulimi wa taratibu na masikio mapana, awape wafiwa wote subira, na kila mama wa pwani hii ya ziwa amjalie usingizi. Na hiyo fulana ya maandishi uliyovaa, nakuomba, iache hapa kwangu.