Vijiti Sita vya Kivumbasi

Enzi zetu, sisi tuliokulia Ihumwa, treni ikipita nyuma ya nyumba za tembe, dawa ya kifua haikutoka dukani. Ilisimama uani, kijani mwaka mzima, hata kiangazi kilipogeuza kila kitu kuwa rangi ya vumbi. Kivumbasi! Ukikigusa mchana, harufu ilibaki kiganjani mpaka wakati wa ugali wa uwele na mlenda. Mama alikuja nacho alipoolewa, kijiti kimoja kutoka kwa mama yake, na majirani wote walijifukiza kwa majani yake.

Mwaka mmoja wa ukame, mbuzi wakaingia wakakitafuna. Yakabaki matawi sita. Mama hakupiga kelele. Asubuhi, kabla jua halijawaka, aliyakata chini kidogo ya fundo, pale majani yanapochipukia, akapukutisha majani ya chini. Akapasua jani la shubiri, akachovya kila kijiti kwenye ute wake, akakigusisha majivu, kisha akavipanda vyote kwenye mchanga wa korongoni, ndani ya chungu kilichopasuka. Vijana wa leo shubiri wanaiita alovera na wanajipaka usoni. Mama zetu waliipaka kwenye vijiti, vikaota mizizi.

"Hivi visipoota, cha bibi yenu kimeisha," alituambia. "Asiviguse mtu."

Mimi nikavigusa. Kila nikitoka shule nilichomoa kimoja kimoja kuangalia kama kina mizizi, nikakirudisha na kushindilia kwa kidole gumba. Nilidhani nasaidia. Baada ya wiki mbili, vitano vilikuwa vimekauka.

"Nani kachezea chungu changu?" mama akauliza.

"Ni yule kuku mwekundu."

Kuku akafungwa kamba mguuni, nami kila nikipita mbele yake niliangalia pembeni.

Cha sita kilipona kwa sababu kilikuwa nyuma kabisa ya chungu, upande wa ukuta, na mimi nilikuwa mvivu wa kuinama. Kikatoa jani dogo kama sikio la panya. Mama alikaa mbele ya chungu akicheka peke yake. Kutokana na kijiti hicho kimoja aliotesha miche iliyofika mpaka mitaa ya mjini, Makole na Kizota, na hakuwahi kuisoma kazi hiyo popote. Mpaka leo nikipita kwenye ua wa kivumbasi natembea kifua mbele.

Nilikiri nikiwa na mvi tayari, mama yu kitandani, mgonjwa.

"Mama, yule kuku hakuwa na kosa."

"Nilijua. Kuku gani anachomoa kijiti halafu anakirudisha?"

"Sasa mbona hukunichapa?"

"Nilikuwa nakusubiri, baba."

Siku hizi wajukuu zangu wananunua unga wa kuoteshea mizizi, umefungwa vizuri kwenye pakiti, na wakipanda asubuhi, jioni wanauliza simu mbona hakijaota. Nawacheka, lakini si sana. Mama alisubiri mizizi mwezi mzima, akanisubiri mimi miaka arobaini. Wanangu mwenyewe niliwachapa kabla hawajafungua mdomo.