Saini Niliyomghushia Mwalimu

Nilipewa jarida la darasa kwa sababu sina makelele. "Huyu hata akikanyagwa haongei," mwalimu wa darasa alisema, "atalitunza." Wenzangu wakacheka, nami nikacheka kidogo ili yaishe. Jarida ni daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila kipindi kikiisha, mwalimu aliyefundisha anaandika mada na kusaini, na Ijumaa nalipeleka kwa mkuu wa shule alikague. Nilikuwa kidato cha tatu, hapa Tunduma, na shule yetu iko karibu sana na barabara, malori yakipita madirisha yanatetemeka.

Mwalimu wa Jiografia ndiye tuliyempenda. Tukiwa kidato cha pili alitutoa nje siku moja, akatupanga kando ya ukuta, akasema tuitazame foleni ya malori na tuandike kila moja limebeba nini na linatoka wapi. Shaba ya Kongo. Mbolea ya bandarini. "Hiyo ndiyo ramani," alisema, "ile ya kitabuni ni picha yake tu." Tulirudi na vumbi mpaka kwenye kope. Hata mimi nilinyoosha mkono siku ile.

Mwaka uliofuata mwenzake wa somo alihama, hakuletwa mwingine, na madarasa yote akabeba yeye. Sijui ilianza lini hasa. Nakumbuka Jumatatu moja aliingia, tukasimama, tukamwamkia, naye hakutuambia tukae. Tulisimama tu, mpaka mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, tukae?"

Akashtuka. "Ee, kaeni, kaeni."

Akaweka chaki mezani, akakaa, akatazama dirishani kipindi kizima. Kengele ilipogongwa akasema, "Samahani," akatoka. Mwalimu kutuomba samahani! Tuliangaliana.

Siku iliyofuata ikawa vilevile, na nafasi yake kwenye jarida ikabaki nyeupe. Mwenzangu wa dawati akachungulia. "Ikienda hivyo Ijumaa, ataandikiwa barua."

"Barua gani?"

"Ya kujieleza. Baba mdogo aliandikiwa mbili, ya tatu wakamsimamisha kazi."

"Sasa?"

"Sasa si wewe una mwandiko mzuri?"

Nikafungua kitabu, nikaandika mada inayofuata: hatua za mto. Saini yake ilikuwa herufi moja kubwa yenye mkia. Niliifanyia mazoezi nyuma ya daftari la Hisabati, kisha nikaiweka. Darasa zima lilijua. Vijana wa nyuma wakaanza kunitania.

"Shikamoo, mwalimu! Leo umetufundisha nini?"

"Maporomoko," nilisema kwa sauti ya chini.

"Tumeelewa sana, mwalimu, asante!"

Lakini yeye akiingia hakuna aliyepiga kelele, na darasa letu ndilo linaloongoza kwa kelele shuleni. Mwenye kitabu alisoma polepole, wengine tukaandika. Tulidhani tunamtunza. Hakuna aliyemuuliza ana nini. Unamuuliza nini mwalimu? Unaanzaje? Ukishamwambia shikamoo, maneno yanaishia hapo.

Wiki ya nne, Ijumaa, nilipeleka jarida ofisini nikamkuta amesimama mbele ya meza ya mkuu wa shule. Mkuu alinipokea jarida bila kuniambia niondoke, basi nikabaki pale mlangoni.

"Mkuu," mwalimu alikuwa anasema, "naomba vipindi vya kidato cha pili apewe mtu mwingine, hata kwa muda. Siko sawa. Nikiingia darasani maneno hayaji. Nyumbani silali."

Mkuu si mtu mbaya. Alimmiminia chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. "Mwalimu wangu, sote tumechoka. Lakini wewe? Hebu tuone." Akafungua jarida. "Wiki nne hujakosa kipindi hata kimoja. Tena mada ziko mbele ya ratiba! Mtu asiye sawa anafanya hivi?"

Mwalimu aliinama akatazama ukurasa. Akaziona saini. Halafu akaniangalia mimi.

Angesema "hii si saini yangu" angeaminiwa palepale, na mimi ningesimamishwa shule. Alijua, na mimi nilijua. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, nikayameza.

"Basi, mkuu," akasema.

"Mwombe Mungu. Jumamosi kapumzike, kanywe soda. Na Mei Mosi jina lako nalipeleka, mfanyakazi hodari."

"Asante, mkuu."

Chai hakuigusa. Mkuu akagonga muhuri, akanirudishia jarida. Tulipofika barazani nikajikaza. "Mwalimu..."

"Mwandiko wako mzuri," alisema. "Usirudie." Akashika njia ya kidato cha pili, maana alikuwa na kipindi.

Nyumbani nilimweleza mama. Akasema mambo ya walimu niwaachie walimu, nisije nikafukuzwa. Nilikaa na jarida mapajani, nikaona pande zote zimefungwa. Nikiacha wazi, ataandikiwa barua. Nikijaza, nathibitisha kwamba ni mzima.

Alhamisi alikaa tena na mikono mapajani. Kabla ya kengele nikaandika kwenye nafasi ya mada: Mwalimu alikuja. Hakuweza kufundisha. Anaumwa, anahitaji kusaidiwa. Kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya: nilikwenda mbele bila kuitwa. Nikamwekea jarida mezani.

Alisoma muda mrefu kwa mistari mifupi vile. Nilidhani atachana ukurasa. Akaomba kalamu yangu, akasaini. Saini yake ya kweli haikufanana na yangu hata kidogo. Ilikuwa ndogo, na mkia ulitetemeka mpaka ukatoka nje ya mstari.

Ijumaa mkuu alikuwa anaongea na simu. Alifungua jarida, akapitisha ncha ya kalamu juu ya vyumba vya ratiba, kimoja kimoja, vyote vimejaa. Simu bado sikioni, akagonga muhuri, akasaini chini.

"Safi sana, binti," akaninong'oneza, akanirudishia.

Nilisimama pale. Nilifungua mdomo. Mkuu akainua nyusi kuuliza kama kuna jingine, huku akimwambia wa kwenye simu "ndiyo, ndiyo". Nikasema, "Hapana, mkuu," nikatoka.

Jumatatu mwalimu aliingia. Tulisimama, tukamwamkia. Kabla ya kitu chochote aliniangalia mimi.

Nilitikisa kichwa: hakusoma.

Akaweka chaki mezani.