Mama Innocent Aenda Kupigwa Picha ya Ubongo

Pale Kalangalala, mjini Geita, semina ikitangazwa, Mama Innocent yupo. Ya chanjo ya kuku alihudhuria, ingawa hafugi kuku. Ya kuzima moto alikaa kiti cha mbele. Jina lake la ubatizo ni Epifania, kazi yake ushonaji, na cherehani ameiweka barazani ili asipitwe na mtu wala jambo.

Kwa hiyo Daktari Loveness alipofika kutoka Mwanza kutafuta wazee waliozoea kutazama ndege kwa miaka mingi, wapigwe picha za ubongo kwa utafiti wa kumbukumbu, Mama Innocent alikuwa wa kwanza kwenye benchi la ofisi ya kata, kitenge kipya mwilini.

Jirani yake, Mzee Mayala, alipigwa na butwaa kumkuta hapo. Mayala alikuwa mtazamaji kweli. Tangu aache kazi ya mgodini, kila Jumapili baada ya misa alitokomea porini na darubini shingoni, na mkewe alishachoka kumuuliza anatafuta nini.

"Mama Innocent, wewe na ndege wapi na wapi?"

"Nawaona kila siku. Kwani wanapita kwa siri?"

Zamu yake ilipofika, daktari alimpa shikamoo, akaanza kumwonyesha picha kwenye kompyuta. Wa kwanza alikuwa kunguru. Mama Innocent alimtaja kwa sauti ya ushindi. Wa pili alikuwa mdogo, anang'aa kijani.

"Huyo shore."

Wa tatu alikuwa na mdomo mrefu kama sindano ya magunia.

"Shore mwenye njaa."

Wa nne alikuwa mweupe, miguu mirefu. Mama Innocent aliona akisema shore tena atashtukiwa.

"Huyo sisi watu wa Ushirombo tunamwita sista."

"Sista?"

"Ndio, mwanangu. Mtulivu, mavazi meupe, hana mume."

Mzee Mayala, aliyekuwa akisubiri mlangoni, alipaliwa na mate. Daktari aliandika bila hata kutabasamu.

Siku chache baadaye simu ikaita. Amechaguliwa! Kabla hajaikata, mtaa mzima ulikuwa na habari. Alisafiri basi moja na Mayala, na mzee alinuna njia nzima.

"Utawaharibia utafiti wao," alinong'ona.

"Ubongo wangu wameutaka wenyewe, mzee. Sikuutembeza sokoni."

Hospitalini Mwanza, Daktari Loveness aliwaketisha, akawaeleza taratibu. Utafiti ulihitaji makundi mawili, ili picha zilinganishwe: wanaowajua ndege, na wasiowajua kabisa.

"Mzee Mayala uko kundi la kwanza. Mama, wewe la pili."

Mama Innocent alirekebisha kilemba.

"Mlijua tangu lini?"

"Tangu sista," alisema daktari, na safari hii alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akavua miwani. Mama Innocent alijikaza kuona aibu, ikamkatalia, naye akaangua kicheko.

Kilichomtesa ni mashine yenyewe. Ni sumaku kubwa, kwa hiyo alivuliwa hereni, pete na hata pini za nywele, akalazwa ndani ya tundu linalogonga kama mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu. Akaambiwa asitikisike wala asiongee. Asiongee! Picha za ndege zilipita mbele ya macho yake ili azikumbuke, na alipotokea yule mweupe, kicheko kilimpanda tumboni. Picha ziliharibika, ikabidi waanze upya.

Aliporudi nyumbani wanawake walimzunguka.

"Wamesemaje?"

"Wamesema kichwa changu ndicho hasa walichokuwa wanakitafuta," alijibu, na hakusema uongo hata chembe.

Lakini daktari alikuwa amempa sharti. Angeitwa tena baada ya miezi kadhaa, na mpaka hapo asijifunze ndege wowote. Hilo Mzee Mayala alilisikia kwa masikio yake, akapata starehe ya uzeeni. Kila asubuhi alisimama kwenye uzio na kutangaza, "Keremkerem huyo, Mama Innocent! Kijani, tazama mkia wake!"

"Mayu wane, mama yangu! Niondokee!" Mama Innocent alikanyaga cherehani kwa nguvu, akaimba wimbo wa kanisani kuziba masikio.

Haikusaidia. Macho yalianza kwenda yenyewe. Siku moja kandege kadogo kenye mdomo uliopinda kalitua kwenye ua jekundu mbele ya baraza, kakaning'inia kichwa chini, kakinyonya. Mkasi ulibaki hewani mkononi mwa Mama Innocent mpaka kalipoondoka. Akachukua simu.

"Daktari, nimeambukizwa. Nimemjua chozi."

"Mmoja tu, mama?"

"Chozi, keremkerem, na mnana. Wengine watatu nawashuku."

Upande wa pili kulisikika kicheko. "Basi mama, kundi la pili limekutoka. Nitatafuta mwingine."

Mama Innocent alikata simu, akatoka mpaka kwenye uzio, akanyoosha mkono.

"Mzee Mayala, lete hiyo darubini. Kwa zamu."