Mihogo ya Saa Sabini na Mbili

Mama alipopiga simu kutoka Kabanga, ambako baba alikuwa amelazwa kwa wiki ya pili, aliniuliza mambo matatu kwa mfuatano: kama mbuzi anakula, kama mpwa wangu anakula, na kama mihogo imeanza kulainika. La kwanza na la pili niliyajibu. La tatu nililijibu kwa namna niliyozoea kuwajibu wasimamizi wangu chuoni, yaani kwa kueleza utaratibu badala ya matokeo.

"Iko kwenye maji tangu Jumatatu saa tatu asubuhi."

"Sikukuuliza saa. Ukiibinya, inabonyea?"

"Itabonyea, mama."

"Ikibonyea ndiyo uitoe. Isipobonyea iache, hata iwe wiki. Mwana wanje, mwanangu, umesikia?"

Salio lake liliisha kabla sijasema kwamba nimesikia.

Nilikuwa nimerudi nyumbani, upande wa Kibondo, katikati ya mwaka wangu wa pili wa shahada ya uzamili. Utafiti wangu ulikuwa umesimama kwa kukosa fedha za maabara, na nilijiambia kwamba kulima ni bora kuliko kukaa bwenini nikisubiri barua. Somo langu ni sayansi ya chakula. Ninalitaja hapa mapema kwa sababu bila hilo kosa langu lingeweza kuitwa kutojua.

Nyumbani tulibaki wawili, mimi na mpwa wangu, binti wa dada yangu, mwenye miaka minne. Dada alikuwa Kasulu akiuza vitenge katika duka la mfanyabiashara mmoja, na mtoto alilelewa na bibi yake. Mvua zilikuwa zimekatika mapema, na mahindi tuliyovuna yalituvusha mpaka mwezi wa tano tu. Maharage yalikuwapo kidogo, lakini tangu mgao wa chakula upungue katika kambi ya wakimbizi ya Nduta, soko la jirani lilikuwa limelala, na aliyepeleka debe asubuhi alirudi nalo jioni. Kilichobaki shambani kilikuwa mihogo michungu, ile ambayo haiwezi kuliwa mbichi kwa sababu ina sumu. Kwetu humenywa, hulowekwa katika vishimo kando ya kijito, hufunikwa kwa majani ya mgomba na mawe, na huachwa mpaka ivunde. Maji huondoa sumu. Kisha huanikwa mwambani na kutwangwa, na unga wake ndio ugali wetu.

Jumatano asubuhi nilikuta kishimo cha jirani yetu kitupu. Majani yalikuwa yamekunjwa vizuri na kuwekwa pembeni, kama ya mtu mwenye adabu. Jirani, mama wa makamo, alisimama juu ya kile kishimo mikono kiunoni.

"Watasema ni wa kambini," alisema. "Wa kambini atajuaje kwamba changu kiko nyuma ya matete? Aliyeiba huyu tunasalimiana."

"Pole sana, mama."

"Pole usinipe mimi. Jipe wewe, chako ndicho kinachofuata."

Siku ile nilishinda kando ya kijito nikiwa na mpwa wangu, nikilinda mihogo. Alhamisi saa tatu asubuhi zilitimia saa sabini na mbili. Nilifunua majani, nikachukua mhogo mmoja na kuubinya. Nje ulibonyea, lakini ndani kidole kilikutana na ugumu. Niliuvunja, ukatoa mlio. Harufu ile ya kuvunda, ambayo tangu utotoni ilinifanya nizibe pua, ilikuwa hafifu mno.

Ninakumbuka vizuri jinsi nilivyojishawishi. Madaftari yangu yalisema siku tatu. Maabara ilisema siku tatu. Nilifikiri kwamba mama huongeza siku kwa tahadhari, na kwamba tahadhari ni anasa kwa mtu ambaye jirani yake ameibiwa jana. Sikufikiri kwamba chuo chetu kiko bondeni kwenye joto, ilhali hapa ni mlimani, tena ulikuwa mwezi wa saba, na maji ya kijito chetu mwezi wa saba huuma mifupa ya mkono. Sumu haiondoki kwa saa. Inaondoka kwa uvundo, na uvundo unahitaji joto. Jambo hili nilikuwa nimelijibu katika mtihani na kupata alama zote.

Niliitoa yote. Nilianika siku tatu, na Jumapili nikatwanga. Unga ulitoka mweupe sana, mweupe kuliko wa mama, na nilijisifu.

Mchana ule maharage yalitosha bakuli moja dogo. Ingawa nilikuwa na njaa ya mtu mzima na yeye njaa ya mtoto, nilitaka kuwa mwema: nilimkatia mpwa wangu tonge kubwa kuliko langu, na maharage nikala mengi mimi, kwa sababu alisema hayataki. Alitafuna mara mbili, akaacha mdomo wazi.

"Mjomba, ugali mchungu."

"Kula, mama. Ni kwa sababu mboga ni kidogo."

Alikula. Alikuwa mtoto mtiifu, na mimi nilikuwa mjomba aliyesoma.

Saa tisa alasiri alitapika mara ya kwanza mlangoni. Mara ya pili alikaa chini akasema kichwa kinazunguka. Nilimfunga mgongoni kwa kitenge cha mama na kushuka mlima kuelekea zahanati. Njia nzima nilifanya hesabu ambayo sikuweza kuizuia: uzito wake, uzito wangu, ukubwa wa tonge lake. Kila nilipoirudia, kosa lilikuwa upande uleule. Kichwa chake kilinigonga bega kwa kila hatua, kizito kuliko kawaida.

Mganga wa zahanati alikuwa kijana kutoka Pwani, hata mwaka hajamaliza kwetu. Alimpima malaria, akatikisa kichwa.

"Malaria hana. Amekula nini?"

"Ugali."

"Wa nini?"

"Wa muhogo."

"Kaka, huku watoto wote wanakula muhogo. Kingine?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nilianza kuchagua maneno. Nilitafuta sentensi ambayo ingesema ukweli bila kunitaja, na nilikuwa karibu kuipata. Mganga alikwisha kugeukia kabati la dawa. Kwenye benchi palikuwa na bibi mmoja mwenye mguu uliofungwa bendeji, ambaye alikuwa akimtazama mtoto, si mimi.

"Mjukuu wangu, huo muhogo aliuloweka nani?"

"Shikamoo, bibi. Mama yuko Kabanga, anamuuguza—"

"Marahaba. Sikuuliza mama yuko wapi. Nimeuliza nani."

"Mimi."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

"Tatu! Mwezi huu? Na maji haya ya kung'oa meno? Nani alikufundisha, redio?"

"Chuo, bibi."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka, kisha mpwa wangu akatapika tena, na kicheko kikakatika. Mganga aligeuka.

"Una maana gani, bibi?"

"Maana yake haukuvunda. Amemlisha mtoto sumu."

"Ni kweli," nilisema. "Ulikuwa mgumu ndani. Niliuona nikautoa. Ulikuwa mchungu, na aliniambia."

Maneno hayo yote yalitoka bila kupangwa. Mganga hakunilaumu, hakuwa na muda. Alipiga simu hospitali kubwa, akasikiliza, akaandika mkononi, akamtundikia dripu ya sukari. Aliniagiza nihesabu pumzi zake na nimwite mara moja zikipungua au akianza kushtukashtuka. Hali ikizidi, gari lingeitwa.

Nilihesabu. Sijawahi kuhesabu kitu kwa uaminifu kama ule. Lakini hesabu haikunituliza, kwa sababu nilijua jambo jingine ambalo mganga hakulisema: sumu hii, mtoto akiilishwa wiki nyingi, humpooza miguu asitembee tena maisha yake yote. Mlo mmoja haufanyi hivyo, nilijua. Hata hivyo nilishika unyayo wake na kuukuna kwa ukucha ili nione kama atauvuta. Aliuvuta. Baada ya dakika chache nilitia shaka, nikaukuna tena.

"Mwache mtoto," bibi alisema kutoka kwenye benchi. "Unamtekenya mgonjwa?"

Jua lilipokaribia kuzama alifungua macho na kuomba maji. Mganga akasema tutalala pale. Asubuhi alisema anataka kukojoa. Nilinyoosha mikono nimbebe, akaikwepa, akashuka kitandani mwenyewe. Alitembea mpaka mlangoni kwa miguu yake miwili, akayumba kidogo, akashika ukuta, akaendelea. Niliitazama miguu yake mpaka alipotoka nje.

Mama alifika siku hiyohiyo alasiri, tukiwa tumesharuhusiwa kurudi nyumbani. Dada ndiye aliyempigia, baada ya mimi kumweleza dada kila kitu kwa simu ya mganga na yeye kukata simu. Mama alimshika mtoto shingo, kwapa, tumbo. Kisha akaomba kuonyeshwa unga. Akachukua kidogo kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Huu ni mweupe kama wa dukani," alisema.

"Ninaweza kuulowesha na kuutandaza kivulini, mama. Sumu iliyobaki hutoka. Tulifundishwa."

"Inatoka yote?"

Nilifikiri. Nilitaka kutaja masharti, unene wa tandazo, muda.

"Sijui," nilisema.

Alichimba shimo nyuma ya migomba, akaumwaga wote, akachanganya na majivu ili asije mtu akaufukua. Kilikuwa chakula chetu cha wiki tatu. Alifanya kazi hiyo bila kunitazama, na nilipotaka kumpokea jembe alisema, "Acha, namaliza." Jioni ile jirani aliyeibiwa alituletea viazi vitamu ndani ya sufuria, akasema amesikia, hakusema amesikia nini.

Nilimenya kimoja, nikakipuliza kikapoa, nikampa mpwa wangu. Alikipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa. Hakukila. Alinyanyuka, akamzunguka mbuzi, akaenda kumpa bibi yake.

"Onja wewe kwanza," alimwambia.

Mama aliuma, akatafuna taratibu, akameza, akamrudishia.

"Kitamu?"

"Kitamu. Kula."

Ndipo akala, akiwa amesimama palepale kwa bibi yake, akinitazama. Mama hakumwambia arudi kukaa kwangu, na mimi sikumwita.