Maalim Hakutaka Kulala Kifudifudi

Katika wagonjwa wote wa korona niliowauguza hapa Tanga, aliyenitoa jasho zaidi hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa maalim wa Kurani kutoka Kigombe, mzee mpole. Pumzi zilikuwa zikimwishia, na hakutaka kulala kifudifudi. Hata kwa hewa ya mtungi, mapafu yake yalihitaji kifua kiwe chini. Nilimpa shikamoo, nikamweleza. Akanijibu kwa sauti ya kukatika kwamba huo ni ulalaji wa watu wa motoni, na hataki mauti yamkute hivyo.

Hasira zangu ziko karibu. Nikamwambia, Mwislamu kwa Mwislamu, kwamba dharura inaruhusu, na asitufanye tumzike kwa ubishi. Akageuzia uso ukutani. Kipimo cha oksijeni kidoleni mwake kilizidi kushuka.

Muuguzi mwenzangu wa zamu alikuwa Msambaa wa Lushoto, Mlutheri, dada asiye na maneno mengi. Alivuta kiti, akamuuliza maalim kilichokatazwa hasa ni nini. Maalim akasema ni usingizi, kulala vile.

"Basi usilale, baba," akamwambia. "Weka kifua chini ukiwa macho. Ukisinzia nitakugeuza."

Maalim akakubali. Tukamgeuza, na haukupita muda kipimo kikaanza kupanda. Mimi nilidhani ni ujanja tu, kwamba akisinzia tutamwacha. Thubutu! Kila kope zilipolegea, mwenzangu alimgusa bega. Maalim akizidiwa na usingizi, mwenzangu alimlaza ubavu apumzike, kisha wakaanza upya. Jasho lilimtiririka dada yule ndani ya vazi la plastiki la kujikinga, na hakuwa amekunywa hata maji. Ilipofika adhuhuri nikamnong'oneza amwache mzee wa watu alale, nani atajua?

"Nimemwahidi," akasema, na hakuniangalia.

Nilimhusudu, nasema kweli. Dini ile ni yangu mimi, na aliyekuwa akimlindia mzee ni yeye.

Siku ya tano maalim aliweza kusema sentensi nzima bila kutweta. Mwenzangu alikuwa wodi ya pili, kwa hiyo nikaenda mimi kumgeuza. Maalim akanishika mkono kwa adabu zote.

"Mwanangu, wewe ni wa dini yangu," akasema, "lakini nitamngoja yule anayeniamsha."

Nikaenda kumwita.