Aliyeuogopa Mkoba Wangu

Kwa miaka mitatu nimewaambia watu kwamba siku ile mtoni sikukutana na mtu. Nilikutana naye. Tena nilimkimbia, mimi mwenye digrii mbili na goti bovu. Kama huamini, soma kwanza, ucheke baadaye.

Wifi yangu Mwikali anaishi ng'ambo ya mji wa Wote, karibu na ilipokuwa kambi ya kampuni fulani ya kulaza mabomba. Kampuni ilihama, ikaacha mashimo na mabati. Kiangazi, akichimba maji kwenye mchanga wa mto mkavu, Mwikali aliokota kipande cha chuma king'aacho, kidogo kama kifuniko cha kalamu. Akapata kazi ya kukipa: akisokota nyuzi za katani pajani, za kusukia vyondo, alikiweka juu yazo kizishikilie.

Nilipomtembelea, paja lilikuwa na kidonda kama cha pasi, na vidole vimevimba.

"Wifi, hii ni kamuti," alisema. "Yule jirani wa hapo juu ameniroga."

Nilimhutubia nusu saa nzima kuhusu kisukari na ushirikina.

"Umemaliza?" akauliza. "Haya, kunywa chai, daktari wa vitabu."

Nikakisifu kile chuma, akanipa. "Kikushikilie karatasi zako, zile za kututukana."

Nikakitia mkobani.

Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, nikivuka mto. Mwanamume alikuwa ameketi kando ya shimo la maji, amevaa ovaroli ya bluu na kofia ngumu ya kazi. Nilipomsalimia, akainuka na kurudi nyuma.

"Mama, simama hapo hapo."

Nikadhani ni uso wangu. Uso huu umewahi kufukuza watu. Nikapiga hatua. Akarudi hatua. Nikapiga mbili, akarudi mbili, macho kwenye mkoba. Ndipo nikatazama mchanga kati yetu. Nyayo zangu zilikuwepo. Zake hazikuwepo.

"Kiweke chini," akasema polepole. "Mimi nilikitafuta kwa mikono mitupu."

Akanionyesha viganja. Niamini, sitavieleza.

Umewahi kuona mzimu ukiogopa kitu? Kama aliyekufa anakiogopa, mimi niliye hai nangoja nini? Nikatupa mkoba mzima, simu ikiwa ndani, nikakimbia.

Polisi niliwaambia nimeibiwa na mtu nisiyemwona. Uongo huo ndio unaoninyima usingizi hadi leo. Kwa wiki saba mkoba ulilala kwenye njia ya mbuzi na wachota maji, nami nimenyamaza kulinda jina langu. Jirani akatishiwa kuchomewa nyumba. Hatimaye daktari mmoja Nairobi alilitazama paja la Mwikali akauliza, "Kuna chuma alichookota?" Akatueleza kwamba kuna vipande vya mionzi, mafundi huvitumia kukagua mabomba. Havinuki, havina moto, lakini humchoma anayevibeba mpaka ndani. Nikasema mkoba ulipo. Yule mtu nikamficha.

Mwikali alikatwa vidole viwili; hasuki tena. Jirani aliombwa msamaha kanisani, lakini bado huchota maji peke yake. Mimi nina doa kiunoni, pale mkoba uliponigusa, na hadi leo naenda kupimwa damu. Kwa hiyo ukiona chuma cha ajabu karibu na kambi iliyohamwa, usikiguse, usikipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ondoka, zuia wengine, uite serikali. Na ukiona jambo la kutisha, liseme siku hiyo hiyo, hata wakikucheka.

Kuhusu yule mtu, nilijaribu kujishawishi kwamba lilikuwa jua tu. Kisha mtaalamu aliyetumwa kukichukua chuma akanipigia kwenye simu yangu mpya.

"Madam, tumekipata. Hakuna aliyekigusa. Asante kwa lile boma."

"Boma gani?"

"La matawi ya miiba, ulilouzungushia mkoba. Hata mbuzi hawakupita. Na umeliweka mbali nao vizuri, vile tunavyofundisha mafundi wetu. Wewe ulifunzwa wapi?"

Nikatoka nje na simu sikioni.

"Ila nikuulize," akasema. "Matawi mengine yamekauka kabisa, mengine yamekatwa leo asubuhi, bado yanatoa maji. Umemwachia nani hii kazi?"